Bado, Mama

"Mwanangu, umekula?" karani wa malipo aliuliza kwenye simu.

Mlinzi wa kompyuta, aliyekuwa akisikiliza ghorofa ya juu, alifumba macho. Si yeye aliyepiga. Zamani jaribio hili la kuwarubuni wafanyakazi watoe neno la siri alilifanya kwa mdomo wake. Siku hizi akili bandia ndiyo hupiga, naye amebakiwa na vitufe viwili: cha kijani kwa aliyepona, chekundu kwa aliyenaswa. Aliyenaswa safari iliyopita alifungashiwa virago.

Ila sauti iliyopiga ilikuwa ya mlinzi mwenyewe. Bosi alitaka sauti inayoaminiwa na ofisi nzima, naye akaitoa huku akicheka.

"Bado, mama," mashine ilijibu, kwa uchovu uleule wa mlinzi. "Mfumo umenifungia nje na bosi amenikalia kooni. Niazime neno lako la siri."

"Pole jamani. Haya, andika."

Karani akalitaja herufi moja moja, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa.

"Asante, mama." Simu ikakatika.

Mlinzi akapeleka mkono kwenye vitufe. Kidole chake kilining'inia juu ya kitufe chekundu.

Hodi ikabishwa. Karani aliingia akihema kwa kupanda ngazi, ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Nimekumegea changu," alisema. "Kula kwanza, mwanangu. Hiyo kazi itakusubiri."