Aliyemnukuu Dokta Mbwilo

Ulimwengu wa sayansi na utambue: utafiti wa Dokta Mbwilo kuhusu kiini cha atomu umenukuliwa mara kumi na mbili. Mara kumi na moja alijinukuu mwenyewe. Ya kumi na mbili ni ya Profesa Sangwa, aliyemtumia makala kwa barua pepe.

“Mama Tindi, ongeza sahani ya nne. Sangwa amekubali kuja kula.”

“Umewahi kumwona?”

“Amenisoma, inatosha. Miaka thelathini nilidhani naandikia ukuta.”

Wali ukapoa mbele yangu na mama. Dokta alisimama dirishani, akinyoosha tai kila gari lilipopita.

“Labda amepotea njia.”

“Hajapotea, baba,” nikasema, bila kumtazama. “Yuko hapa mezani. Nilimtunga bwenini na wenzangu, tukacheka mpaka kengele ikalia.”