Bakshishi ya Siku ya Kwanza

Léocadie aliingia kazini siku yake ya kwanza akiwa amebeba gauni la harusi la mtu asiyemjua.

Alikuwa amepanda ngazi za jengo moja karibu na Joubert Park, Johannesburg, mpaka akaona mlango wa kwanza wenye picha ya mwanamke mwenye rasta za dhahabu, kama alivyoelekezwa. Hapo mlangoni akamkuta dada mmoja anahangaika: gauni mkono huu, viatu mkono ule, simu ameibana kwa bega. Léocadie akalipokea gauni bila kuombwa, wakaingia pamoja. Huduma njema, alivyofundishwa, huanzia mlangoni.

Aliyemfundisha ni Tantine Célestine, shangazi yake wa Kensington. Jana yake alimkalisha kitini, akamhutubia kana kwamba anamwapisha uwaziri.

"Sikiliza, mtoto wangu. Mama Hedwiga, mwenye saluni, halipi siku ya kwanza. Anaangalia kitu kimoja tu. Mteja akikuachia bakshishi, unabaki. Asipokuachia, unarudi hapa kuchambua maharagwe yangu ya kuuza mpaka Yesu arudi."

"Sasa, Tantine, nimwombe mteja?"

"Kuomba? Mwiko! Usiombe. Usiutazame mkoba wake. Usimsimulie habari za kodi ya nyumba. Mkono usuke, mdomo utabasamu, na simu uizime."

Léocadie alikuwa ameyachambua maharagwe hayo kwa miezi mitatu. Mengine alianza kuyajua kwa sura. Akaizima simu.

Ndani walikuwamo wasusi wawili, Murielle na Yasmin.

"Mama yupo?" akauliza Léocadie.

"Bosi? Amekwenda kununua nywele," akajibu Murielle bila kugeuka. "Tundika gauni hapo, ma chère, lisiguse mafuta."

Yule dada aliitwa Nomsa. Baba yake alikuwa Msauzi aliyerudi kutoka uhamishoni, mama yake Mtanzania, na mwenyewe alizaliwa Morogoro. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wote mle ndani. Alijitupa kitini na kutangaza:

"Saa saba nafunga ndoa. Kichwa hiki kisipokwisha saa sita, bwana harusi ataoa kilemba."

"Eish!" Yasmin akashika kiuno. "Rasta ndogo hivi, kwa saa nne? Labda tungekuwa watatu."

Wasusi wote wawili wakamgeukia Léocadie.

"Wewe unajua kusuka?" akauliza Murielle.

Léocadie aliona ni swali la ajabu kumwuliza msusi, lakini akalihesabu kuwa ni mtihani.

"Najua."

"Sharp! Basi shika hapo kisogoni, tumwokoe bwana harusi."

Akashika. Alisuka kama mtu anayekimbizwa na gunia la maharagwe. Vidole vilikwenda, mdomo ulitabasamu, macho yakaukwepa mkoba wa Nomsa kama vile ndani yake mna nyoka. Saa nne asubuhi Yasmin alimletea soda baridi na kumwekea mto kitini, ilhali wao wenyewe wakinywa maji ya bomba. Léocadie nusura alie. Saluni gani hii yenye upendo kwa wafanyakazi wapya!

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, katikati ya ngurumo za mashine za kukaushia nywele, mwanamke fulani alikuwa akimfoka mtu aliyechelewa kazini. Léocadie akatikisa kichwa kwa masikitiko. Vijana wengine hawana adabu kabisa.

Murielle alipokwenda kuchemsha maji, na Yasmin akatoka nje kupokea simu, Nomsa alinong'ona:

"Una mikono myepesi. Umeanza lini kazi hapa?"

"Leo."

"Leo? Na watakuajiri?"

"Itategemea," akasema Léocadie.

"Itategemea nini?"

Léocadie akatazama dari. Ilikuwa dari ya kawaida, yenye doa la maji, lakini aliitazama kwa uchaji mkubwa.

Saa sita kasoro dakika tano walichovya ncha za mwisho kwenye maji ya moto. Nomsa alijiona kwenye kioo, akapiga kigelegele, akamlipa Murielle. Kisha akampa Murielle randi hamsini za soda, na Yasmin hamsini. Akachukua viatu. Akachukua gauni ambalo Léocadie alikuwa amemtungulia, akasema asante, akatoka.

Léocadie alibaki ameduwaa. Aliyaona maharagwe. Aliyaona yakimpungia mkono.

Mlango ukafunguka tena. Nomsa alirudi mbio, akamshika Léocadie kiganja kwa mikono yake miwili na kukifunga juu ya noti. Randi mia mbili!

"Hii yako," akamnong'oneza sikioni. "Mwambie bosi wako mteja amesema unabaki."

Akapotea ngazini na gauni likipepea nyuma yake.

Léocadie aliibusu noti. Akatoa simu, akaiwasha ampe Tantine habari njema ya wokovu wake.

"Dada, mbona umesimama?" Murielle alimwuliza kwa mshangao. "Mkimbilie dada yako! Utachelewa harusi."

Kabla hajajibu, simu ikalia. Namba haikuwa na jina.

"Léocadie? Mimi Mama Hedwiga! Tunakungoja hapa tangu saa mbili. Uko wapi?"

Sauti ile ilimfikia mara mbili: mara ya kwanza kwenye simu, mara ya pili kupitia ukutani.