Uwanja Usio na Wasindikizaji

Sikieni, wenye kulea. Mjini Zumbani sheria iliwapa watoto kazi ya kuuchora mji, na mashine zikajenga walichochora. Zamu ya kuchora uwanja wa ndege wa kimataifa ikamwangukia mtoto Raya.

Mama yake, Mwatima, alipouona mchoro aliwaka. "We Raya! Wasindikizaji watasimama wapi?"

"Kusindikiza ndiyo nini, mama?"

Kila Mwatima alipomsindikiza mgeni hadi njiapanda, alikuwa akimfungia Raya ndani na skrini yake, asimsumbue.

Miaka ikapita, Raya akapata kazi ng'ambo. Mlango wa uwanja ule aliouchora ukamzuia Mwatima: "Asiyesafiri haingii."

"Namsindikiza mwanangu, mlaaniwa we!" Akaupiga kwa kandambili. "Raya! Raya mwanangu!"

Raya hakugeuka nyuma. Mahali pa kugeukia hakupachora.