Mkanda wa Uchovu

Siku hizi mkimbiaji hachoki. Uchovu wake anaubeba ndugu mmoja nyumbani, kafungwa mkanda kiunoni, na ukifunguliwa, uchovu wote unamrudia mkimbiaji; ukifunguliwa kabla mbio hazijaisha, anatolewa.

Mimi nimezunguka nchi nyingi, sijawahi kukaa mahali msimu mzima. Lakini mjukuu wangu Theodora alipochaguliwa kukimbia marathoni, nilisema mkanda nifungwe mimi. Mazoezi yake yote nimeyamalizia hapa Mbulu, juu ya kiti, mimi niliyekuwa siwezi kumaliza kikombe cha chai bila kusimama.

Leo, siku ya mbio zenyewe, majirani walijaa uani. Mmoja wao, Mama Bura, alikuwa akinimwagia maji magotini.

"Babu, umefika wapi?"

"Napanda mlima. Msinikate pumzi na kelele zenu."

"Mlima gani, na hujatoka kwenye kiti!"

Wakacheka. Kisha kifua kikaniwaka moto, nikaanza kukoroma, na vicheko vikaisha. Mama Bura akashika kifungo cha mkanda.

"Inatosha, Babu. Utatufia hapa."

"Toa mkono wako. Mtoto yuko mbele."

Theodora akashinda! Uani vigelegele. Uso wake ukatokea kwenye simu, unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuamka.

"Babu, sijachoka hata kidogo! Wanataka nizunguke uwanja na bendera."

Mama Bura akanyoosha tena mkono aufungue mkanda. Nikaufunika kwa viganja vyangu. Miguu sikuwa naisikia tena.

"Zunguka, mama," nikamwambia. "Zunguka mara mbili, wakuone vizuri."