Swali la Bi Sikudhani

Siku ya mwisho ya mafunzo ya biashara ya kaboni, yaani kumuuzia mwingine haki ya kuhesabu kuwa yake hewa chafu inayofyonzwa na msitu wako, mkufunzi alijifanya mnunuzi kutoka ng'ambo, akagawa karatasi za mkataba. Maafisa wote walizitia saini, huku wakipeana mikono. Ila Bi Sikudhani, afisa misitu mpole, aliisoma karatasi mpaka mwisho, akaisukuma kalamu kando.

"Samahani, mwalimu. Tukikuuzia kaboni yote ya msitu wetu, ahadi ya nchi yetu ya kupunguza hewa chafu tutaitimiza kwa kipi?"

Mkufunzi akaangua kicheko. "Siku tano nalingoja swali hilo!"

Ukumbi ukalipuka makofi, wenzake wakigombania karatasi zao wafute saini. Bi Sikudhani, huku akitabasamu kwa haya, akachora msitu ubaoni, kisha akainua chaki kutafuta pa kupitisha mpaka kati ya sehemu ya kuuza na ile ya kubakizia nchi.