Mkono wa Kushoto

Tangu apatwe na kiharusi, Salha hakuwa ametamka neno, na nyumbani watu walishaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Asubuhi hiyo kaka yake, Mbaraka, alimweleza mumewe, Sefu, waziwazi.

"Shemeji, akili imekwenda. Tumpeleke shamba kwa mama, akatunzwe huko."

Sefu aliichukua kompyuta ambayo mkewe aliitumia kufundishia chuoni, akamwekea mapajani. Salha aliitazama kitambo kirefu. Kisha, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akafungua lile dirisha jeusi ambalo ukiliandikia amri, mashine hukujibu papo hapo. Alitaka kuzidisha saba kwa nane, lakini kidole kikateleza, na jibu likaja kwa maandishi mekundu: kosa.

"Unaona mwenyewe," Mbaraka alisema kwa upole.

Salha hakumgeukia. Alikuwa akiyasoma yale maandishi mekundu, taratibu, paji la uso limekunjamana, kama alivyokuwa akisoma kazi za wanafunzi wake. Akarudi kwenye mstari, akaifuta herufi moja iliyozidi, akabonyeza tena.

56.

Sefu alivuta kiti, akaketi karibu mno na mkewe.

"Salha, hatujakuuliza. Unataka kwenda shamba?"

Chini ya ile hamsini na sita mstari mpya ulikuwa mtupu, ukisubiri. Kidole kikatangatanga juu ya vitufe, kikatua kwenye H.