Haki Niliyoletewa Nikiwa Nimekaa

Mpwa wa refa aliweka kadi yake ya mwisho, na mtungi wa gesi, zawadi ya mshindi, ukawa wake. Wamekula njama, nikajua.

Raundi iliyopita nilipigwa tatu, kadi ya kumwokotesha mwenzio, nikaokota kadi tatu nikisahau nina Asi ya kuizuia. Bhagwanti, refa wetu hapa mtaani Section 58, alikataa nizirudishe. "Kuzuia ni hiari, mzee. Ukisahau, imepita." Nikamwita mwizi mbele ya watu.

Sasa kidole chake, chenye manjano ya bizari, kilikuwa kimeikandamiza kadi ya mpwa wake.

"Ulipobaki na moja, hukusema 'niko kadi'."

"Auntie, mzee mwenyewe hajalalamika!"

"Kusema ni lazima, alalamike asilalamike. Rudisha, uokote."

Hata mimi sikuwa nimeona. Miaka ishirini nimegombana na machifu na mameneja, na kila haki niliyopata niliing'oa kwa meno. Hii nililetewa nikiwa nimekaa.

"Zamu yako, mzee."

"Asante, mama," nikasema, nikimpa mkono, na kadi zangu zote zikamwagika mezani, uso juu.